Gari la Mtu

Gari limeshauzwa. Mnunuzi yuko Salala,
katuma nusu ya pesa na salamu nyingi
na sharti moja: lifike likiwa zima.
Basi tunampelekea wenyewe, kilomita elfu na ushei,
mimi, Ghaniya, watoto wawili, masanduku manane,
kisha tupande ndege kutoka kulekule
twende Halifaksi, ambako hospitali inamsubiri mke wangu
na mimi sisubiriwi na mtu.
Nalisema hili kwa kicheko. Ghaniya hacheki.

Wiki nzima mizani ya bafuni imehamia sebuleni.
Ghaniya hupanda na sanduku mkononi, hushuka,
hupanda bila sanduku, hupiga hesabu: ishirini na tano.
Kilo mbili zitoke.
Kinatoka kinu cha kahawa, kinarudi.
Zinatoka kanzu zangu tatu, hazirudi.
Mbuzi ya nazi, aliyokuja nayo mama yake kutoka Wete,
imefungwa kwa taulo, imefunguliwa, imefungwa tena.
Mundhir anauliza kama kule uwanjani
wataona ulimi wake wa chuma wadhani ni silaha.
"Waambie ni mbuzi," nasema.
"Basi watataka cheti cha chanjo," anasema dada yake.

Hapa Mabela jua la Agosti halina adabu.
Fundi Gulzari kaja na jeki yake,
kapima upepo wa matairi, kanusa oili
kama anayenusa mchuzi, kafuta mikono.
"Njia ya Haima imenyooka," kanambia,
"na huko kunyooka ndiko kunakoua.
Weka mtu wa kuzungumza nawe."
Nikamtazama Ghaniya dirishani, anabandika majina.
Tangu Rajabu tunazungumza kwa orodha:
Umeme umelipwa? Umelipwa.
Vyeti vya shule vimegongwa muhuri wizarani? Bado kimoja.
Paka? Paka kachukuliwa na Bwana Kuriani wa nyumba ya pili,
keshampa jina jipya,
na paka, mnafiki, anaitika.

Zamani, watoto wakiwa wadogo,
jambo la kufichwa tulilisema kwa Kiswahili cha ndani,
kile cha kina mama wa Wete, cha nusu maneno.
Sasa Sulafa anakijua chote. Jana usiku
kasimama mlangoni, mswaki mdomoni:
"Baba, kule hutaki kwenda, sivyo?"
Nikasema nataka. Akasubiri.
Nikasema nataka, ila sijui asubuhi nitaamka nikafanye nini.
Akaenda kutema povu, akarudi.
"Utatupikia,"
kama mtu aliyekwishapanga zamu.

Chakula cha njiani: mikate ya kumimina miwili, katlesi thelathini,
chupa mbili za chai ya tangawizi, maji katoni nzima.
Watoto wanataka kuyaona manyunyu ya Salala kabla ya kuondoka,
mvua isiyonyesha, inayoning'inia tu juu ya nyasi.
"Mvua mtaichoka huko tuendako," nawaambia.
"Hiyo ya watu," anasema Mundhir. "Hii yetu."
Sina jibu. Naongeza kamba juu ya paa.

Saa kumi za usiku nyumba inatoa mwangwi
hata kwa kikohozi.
Masanduku matatu juu, matano ndani,
mbuzi iko miguuni pa Sulafa, mizani imeshindwa;
habari ya ndege tutaiona hukohuko.
Nimewasha injini, kiyoyozi kinapumua vumbi.
Ghaniya kafunga mkanda. Kafungua mkanda.
"Gesi," anasema. "Sikuangalia gesi."
Mtungi tuliuuza juzi. Anajua.
Yeye ndiye aliyezipokea pesa, akazihesabu mara mbili.
Hakuna anayemwambia kitu.
Anateremka. Taa ya jikoni inawaka,
na sisi watatu tunakaa ndani ya gari la mtu,
mafuta yakiungua,
tunaitazama.